Mtoto Aliyebadilishwa Majina

Asubuhi nyumbani kwetu Zagayu ilianza kwa kelele. Sijafika hata jikoni, Josia, mwanangu mdogo, analia. Ameng'atwa mkono. Nani kamng'ata? Dada yake, Milembe. Nikitafuta kibuyu cha maziwa, kimepasuka. Nani kakipasua? Milembe. Alikuwa na miaka minane tu, lakini nilikuwa nimemchoka. Nasema kweli. Mama anayesema hajawahi kumchoka mtoto wake, mimi namshangaa.

Jina langu ni Minza. Mume wangu ni Masele. Tunalima pamba na mahindi, na tuna ng'ombe wachache. Mama yake Masele anaishi nasi. Mambo haya yalitokea miaka ile serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba. Kabla ya hapo Masele alikuwa mkaguzi wa pamba katika chama chetu cha ushirika. Yeye ndiye aliyeshika pamba mkononi na kusema, hii ni safi, hii ni fifi. Safi ni ile nyeupe. Fifi ni ile yenye madoa na takataka. Watu walimwamini na kumheshimu.

Wanunuzi wapya walikuja na mizani yao, na wakaguzi wao pia. Chama kikamwambia Masele akapumzike. Alirudi nyumbani na kalamu yake mfukoni, akakaa. Hakusema neno juu ya jambo hilo. Lakini mlango ukigongwa, anafoka. Uji ukiwa wa moto, anafoka. Ukitaja pamba ndiyo kabisa.

Ukorofi wa Milembe ulianza miezi hiyohiyo. Sisi hatukuona kama mambo hayo mawili yanahusiana. Tungeona saa ngapi, na kila mtu anapiga kelele?

Mama mkwe wangu alikuwa na maelezo yake. Kwetu Wasukuma, mtoto mchanga akilia bila kukoma, wazee husema anadai jina. Yuko bibi au babu aliyekufa ambaye anataka jina lake lirudi nyumbani. Milembe hakuwa mchanga, lakini mama mkwe hakujali. Alisema marehemu bibi Kabula amekasirika. Tukamvisha mtoto ushanga, tukamwita Kabula. Wiki mbili baadaye akampiga Josia kwa mwiko. Mama mkwe akasema, basi si Kabula, ni Ng'washi. Tukamwita Ng'washi. Hapo ndipo kibuyu kilipopasuka. Majirani hawakujua tena waniite mama nani. Mmoja aliamua kuniita "mama wewe".

Siku moja alikuja Mwalimu Justina, anayefundisha darasa la pili. Alikuwa na daftari la mahudhurio kwapani.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimia kwa Kisukuma. Nikamjibu, nikampa kigoda.

"Naomba unisaidie," alisema. "Nikimwita Milembe, haitiki. Wenzake wanamwita Kabula, haitiki. Jana nimemwuliza jina lake nani. Ameniambia, 'Waulize nyumbani, wao ndio wanajua.'"

Nilicheka. Halafu nikaona aibu. Nilimweleza habari yote ya majina. Hakunicheka. Aliniuliza kama tumewahi kumwuliza mtoto mwenyewe ana nini. Nikamwambia nimemwuliza mara mia. Akataka kujua huwa namwulizaje. Nikamwonyesha: "Una nini wewe?" Kuku waliokuwa uani walikimbia.

Mwalimu Justina alinieleza kwa upole. Mtoto ana hofu, hasira, huzuni, wivu na aibu, kama mtu mzima. Lakini hajui kuvitaja. Anasikia tu kifua kinabana au vidole vinapata moto. Asipoweza kusema, anang'ata, anapiga, anavunja. Kumbadilisha jina hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kujua kusema "naogopa" au "nimekasirika", na kuona kwamba akisema hapigwi.

Shuleni alikuwa na mchezo wa kuwafundisha hivyo. Aliupata kwenye semina Bariadi, akaugeuza uwafae watoto wetu. Kila mtoto anafinyanga ng'ombe wa udongo. Halafu anaulizwa: ng'ombe wako leo ana nini? Mtoto haulizwi habari zake mwenyewe, anaulizwa habari za ng'ombe. Hakuna kumcheka. Hakuna kumwadhibu kwa jibu lake.

"Mcheze na nyumbani," aliniambia. "Watu wazima pia."

Niliitikia ili aondoke. Nilikuwa na pamba ya kuvuna. Nani ana nafasi ya kuchezea udongo mwezi wa saba?

Ijumaa ile tulipeleka pamba kwenye mizani. Tulikuwa tumeichambua vizuri sana. Masele mwenyewe aliipitia yote. Mkaguzi wa mnunuzi, kijana mdogo, aliingiza mkono katikati ya furushi. Ukatoka umelowa.

"Mzee, umemwagia maji ili uzito upande," alisema mbele ya watu wote.

Masele alikuwa amekataa pamba za watu kwa kosa hilohilo, miaka kumi na miwili. Sasa watu walimtazama yeye. Tulirudi na pamba yetu. Tulipofika nyumbani Milembe alikuwa amesimama mlangoni.

"Nimemwaga mimi," alisema.

Masele hakumpiga. Afadhali angefoka. Alisema polepole kwamba Jumamosi ya wiki ijayo dada yake, Specioza, atakuja kutoka Mkula. Ataondoka na mtoto huyu, akaishi naye huko moja kwa moja. Mama mkwe akaunga mkono. Alisema huenda jina lake liko Mkula.

Nilikuwa nimemchoka Milembe, hilo nimeshasema. Lakini neno Mkula lilinizindua. Sikutaka mwanangu aondoke. Nilikuwa na siku nane.

Kesho yake nilichota udongo lamboni. Nikampa Milembe, akafinyanga ng'ombe. Mimi nikiwa nasonga ugali, mwiko mkononi, nikamwuliza: "Haya, ng'ombe wako ana nini? Sema haraka, mboga inaungua." Akamtazama ng'ombe wake, akamponda kwa ngumi. Mboga nayo ikaungua.

Nilikwenda kwa Mwalimu Justina nimefura. Nilimwambia mchezo wake haufai. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hapo hujamwuliza, mama Milembe. Umemhoji kama polisi," alisema. "Mwiko uweke chini. Ukae. Utengeneze ng'ombe wako kwanza, useme ana nini. Halafu unyamaze."

Kukaa niliweza. Kunyamaza ndiyo kazi. Jioni ile nilifinyanga ng'ombe wangu mbaya, miguu hailingani. Nikasema, "Ng'ombe huyu amechoka. Kila mtu anamkamua. Hakuna anayemletea majani." Nilidhani nacheza tu. Mara machozi yakanitoka. Milembe akanitazama kwa mshangao. Nadhani hakujua kwamba mama naye ana kitu moyoni.

Akachukua udongo. Akatengeneza ndama aliyeficha kichwa katikati ya miguu.

"Ndama huyu anaogopa," alisema.

Nilitaka kuuliza maswali kumi. Nikauma ulimi. Tukakaa. Hatimaye akaendelea mwenyewe.

"Anaogopa pamba. Pamba ikija, fahali anakuwa mkali. Pamba ikiharibika, haitakuja tena."

Nilijisikia vibaya sana. Kumbe maji yale yalikuwa na sababu yake. Nilimwambia asante kwa kuniambia. Nikamwambia pia kwamba pamba ndiyo chakula chetu, haimwagiwi maji. Yote mawili ni kweli. Hofu si kosa, lakini kumwaga maji ni kosa.

Tulijenga zizi dogo la vijiti karibu na jiko. Kila jioni kabla ya kula tuliwaweka ng'ombe wetu humo na kusema wana nini. Josia alifinyanga nyoka, akasema ni ng'ombe, na amefurahi. Tukamwacha na furaha yake. Milembe aligundua kwamba hasira yake inaanzia kwenye vidole. Mwalimu alimfundisha kwamba vidole vikipata moto, akimbilie udongo aukamue. Mara mbili alikimbilia udongo. Mara ya tatu alimng'ata Josia vilevile. Sisemi kwamba mambo yalikuwa rahisi.

Masele alitucheka. "Mtu mzima nichezee udongo?" Mama mkwe naye alisema udongo ni wa vyungu. Lakini Jumanne Masele alichuchumaa karibu nasi, akachukua bonge moja. Utotoni alichunga ng'ombe, na mikono haikuwa imesahau. Alifinyanga fahali mzuri mwenye nundu na pembe ndefu. Akamweka nje ya zizi.

"Ana nini?" nikamwuliza.

"Hana kitu. Yuko nje tu." Akainuka, akaondoka.

Asubuhi fahali alikuwa ndani ya zizi. Masele akamtoa. Asubuhi ya pili, yuko ndani tena. Masele akamtoa. Alhamisi alinigombeza, akaniambia niache kumhamisha ng'ombe wake. Nikamwambia ng'ombe wa kweli wananitosha, wa udongo nitawachunga saa ngapi? Hakuniamini.

Jumamosi Specioza alifika na lori la pamba, ana vumbi hadi kwenye nyusi. Hakutaka kukawia, kwa sababu lori lilikuwa linageuza. Nilijaribu kumwambia Masele afikirie tena. Alisema ameshafikiri. Milembe alikuwa amefunga mzigo wake mwenyewe. Specioza aliuinua, akashangaa.

"Mbona mzito? Mtoto kabeba mawe?"

Akaufungua. Ndani ya sare ya shule alikuwemo fahali wa Masele.

"Kumbe na kuiba anajua," alisema Masele.

Milembe alikunja vidole. Nikajua sasa atamng'ata mtu, na shangazi yake yuko karibu. Lakini alivikamua vidole vyake mwenyewe. Akavuta pumzi.

"Nimekasirika," alisema. "Sikuiba. Kila siku mimi ndiye ninayemrudisha ndani. Nikienda Mkula, nani atamrudisha?"

Masele alimchukua fahali, akamgeuza mkononi. Halafu akakaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake nzuri.

"Fahali huyu ana aibu," alisema. "Alikuwa na kazi, akafukuzwa. Anadhani watu wote wanamcheka." Akamweka chini. "Si fahali. Ni mimi. Mimi nina aibu, ng'wanone, mwanangu. Hasira yangu nimeileta kwako, na wewe huna kosa."

"Nina kosa," alisema Milembe. "Niliharibu pamba."

"Ndiyo. Uliharibu."

"Nilikuwa naogopa."

"Najua sasa," alisema Masele. Akamvuta, akampakata kama alipokuwa mdogo. Mimi nililia wazi, sikujificha. Niliwakasirikia pia wote wawili, kwa miezi yote ile waliyotutesa kwa kukaa kimya.

Specioza aliuliza kama amekula vumbi bure. Dereva wa lori alipiga honi, kisha akaondoka zake. Tulimchinjia wifi yangu kuku. Jumatatu alirudi kwao na kikapu cha michembe, viazi vyetu vilivyokaushwa, lakini bila mtoto.

Ile pamba tuliianika juani siku tatu, Milembe akiigeuza kwa mikono yake. Masele aliirudisha kwenye mizani. Alimwambia yule kijana mbele ya watu kwamba maji yalimwagwa na mtoto, na yeye baba yake ndiye aliyemtia hofu. Kisha, kabla kijana hajagusa furushi, Masele alichukua pamba mkononi, akaitazama. "Hii sasa ni fifi," alisema. Kijana akakubali. Tangu siku hiyo, akipata pamba inayomtatiza, humwita Masele amsaidie kuitazama.

Mwalimu Justina aliniambia kwamba Milembe anaitika jina lake darasani. Masele bado hufoka. Lakini siku hizi hutoka kwanza hadi kwenye zizi, la ng'ombe wa kweli, akarudi na kusema kinachomsumbua. Mama mkwe hajacheza hata siku moja. Ila asubuhi moja tulikuta ng'ombe mzee mwenye pembe moja pembeni mwa zizi letu dogo. Mama mkwe alisema yeye hajui ng'ombe huyo ametoka wapi, na asiulizwe. Milembe akamwingiza ndani pamoja na wengine.

Na mimi? Jana nilikuta udongo kwenye sufuria ya ugali. Vidole vyangu vilipata moto. Nikaweka mwiko chini. Nikasema, "Nimekasirika." Milembe alitoka ndani bila kuitwa, akachukua sufuria, akaenda kuiosha.