Sahani Sitini za Mbombo

Siku ya kwanza Kazadi alikanyaga sahani nne za majani, sokoni Kolwezi, katikati ya wanawake waliokuwa wakigombania samaki. Mwenye sahani, Mbombo, alimpima kwa macho kuanzia suti yake ya abakosti ya buluu hadi viatu.

"Tata, macho iko wapi?"

"Iko kwako, mama."

Mbombo hakutaka kucheka, akacheka. Tangu hapo Kazadi, karani wa mgodini, alipita kila jioni, akimwangalia anavyokunja majani mapana na kuyabana kwa vijiti vyembamba mpaka yawe sahani na bakuli. Alizisifu mno. Hii ndiyo authenticité, uasili wetu Waafrika, alisema, wazungu wabaki na vyao. Miezi minane ya maneno matamu, halafu: "Chérie, dimanche utakuya kwetu. Bazazi bakuone."

Kwao Mbombo, binti anayekwenda kuonyeshwa wazazi wa mchumba hubeba sahani alizoshona mwenyewe, wenyeji wapakuliwe chakula humo. Akashona sitini hadi vidole vikachubuka. Jumapili ilipofika akavaa kitenge kipya cha manjano, bunda la sahani kichwani.

Lakini mezani kwa akina Kazadi zilishapangwa sahani nyeupe za plastiki kutoka Lubumbashi, zile za kulia mara moja na kutupa.

"Uyu ni nani?" mama yake aliuliza.

Kazadi alijibu haraka. "Ni mama wa kuuzisha majani, mama. Ya kufunika chungu."

Mbombo aliumia moyo mpaka masikio yakamwaka. Akatoka na bunda lake.

Hajafika barabarani, akasikia makelele. Bukari, yaani ugali, lilikuwa la moto, mchuzi wa moto zaidi. Plastiki ilikuwa imelegea na kuwamwagia wazee, wajomba zake Kazadi, mapajani. Kazadi akaja mbio.

"Chérie, leta ile majani! Bazee bako na njaa."

"Baambie kwanza mi ni nani."

"Leta kwanza, njo nitabaambia."

"Sasa, Kazadi."

Kabla ya kujibu, Kazadi aligeuka kutazama mlangoni, asije mama yake akawa anasikia.

Mbombo aliona, ikamtosha. Wazee hawakuwa na kosa, basi akarudi ndani na kumkabidhi yule mama bunda lote mkononi.

"Mukule muzuri, mama."

"Aksanti, mutoto wangu. Majani muzuri hivi! Dimanche ingine utatuletea tena?"

"Hapana, mama," Mbombo alisema, na Kazadi, aliyesimama nyuma yake, akaanza kuwagawia wajomba sahani.