Aliyekaa Upande wa Abiria

Kila Jumapili shemeji yangu Kaingu akitoka kanisani alivua shati, akabaki na fulana, akateka maji ya kisima na kuosha gari lake. Halikuwa gari la kubebea mkaa wala nazi. Lilikuwa gari la Kiingereza la zamani, viti viwili mbele na kibenchi chembamba nyuma, rangi ya maziwa, halina paa ila turubai la kukunja. Mtaliano mmoja alilitelekeza bandani hapa Malindi, kuku wakawa wanataga ndani yake, mpaka Kaingu akaambiwa alichukue liondoke na takataka nyingine.

Mimi naitwa Uweis. Kazi yangu ni kushona viti vya magari na maturubai, na nimemwoa Sidi, dadake Kaingu. Viti vya gari hilo nilivishona mimi kwa ngozi nyekundu, na nilikuwa nikimtania Kaingu kwamba hata mke wangu sijamshonea kitu kizuri namna ile. Sidi akisikia hununa kutwa nzima, na chai siku hiyo haina sukari.

Raha ya gari lile sikuijua mpaka nilipolipanda. Tulikuwa tukienda nalo Mambrui asubuhi, turubai limekunjwa, upepo usoni, na Kaingu akiliendesha mwendo wa bwana harusi ili kila mtu alione. Tukirudi, kazi. Hewa ya bahari hula chuma bila huruma, kwa hivyo aliingia chini akasuuza chumvi kwa maji baridi, akapaka grisi, akapangusa taa mpaka ukaweza kunyolea ndevu mbele yake. Mtu mzima, hana mke, na gari ndilo lililokuwa likimtoa tabasamu.

Wengi hawajui kwamba magari ya namna ile mwili wake si chuma kitupu. Ndani mna fremu ya mbao, bati limepigiliwa juu yake. Fremu ya gari hili ililiwa na mchwa ikabaki unga. Kaingu alijaribu mbao za dukani, zikapinda, milango ikakataa kufunga. Kisha akaenda Ganze kumtazama babake, Mzee Ziro, akarudi na vipande vya mti mkavu, mzito, ambao msumari haukupenya mpaka utoboe kwanza. Nilimuuliza ameutoa wapi. Akasema, "Kwetu." Baada ya hapo milango ilifunga kwa sauti tamu, nami sikuuliza tena.

Jambo la kwanza lilinichekesha. Nilikuwa kibandani kwangu Kaingu akipita peke yake garini, na watoto waliokuwa wakitoka chuoni kusoma Kurani wakasimama kando wakasema kwa pamoja, "Shikamoo babu!" Nilicheka mpaka sindano ikanianguka. Nikawaambia, "Nyinyi, yule ni kijana bado, mbona mnamzeesha?" Msichana mmoja akanitazama kwa mshangao. "Si yeye," akasema. "Yule wa pembeni."

Kisha askari kwenye kizuizi cha njia ya Kilifi. Kaingu alinihadithia mwenyewe, akijaribu kuifanya mzaha. Askari alimkagua leseni, akamrudishia, akainamia upande wa kushoto na kusema kwa upole, "Mfunike mzee wako, ndugu yangu. Jua hili litamuua."

Kiti cha kushoto kikaanza kubonyea. Mimi fundi, najua kiti kilichokaliwa na kisichokaliwa. Nilikifungua, nikabadilisha springi na sponji, nikakishona upya. Baada ya siku chache kilikuwa kimezama tena, chini kuliko cha dereva. Nilipitisha mkono juu ya ngozi. Ilikuwa saa saba mchana, gari limeanikwa juani, kiti cha dereva kinaunguza. Kile cha kushoto kilikuwa baridi.

Wiki hiyo hiyo Sidi alipigiwa simu na babake, akaketi chini akalia. Kigango cha babu kimeibwa.

Nieleze kidogo. Kwa Wagiriama, mzee wa heshima akifa, na baadaye akawajia wanawe ndotoni kudai haki yake, huchongewa nguzo ya mti mgumu, yenye kichwa cha duara na mabega, mwili mzima umechorwa pembetatu kwa patasi. Hicho ndicho kigango. Kikishasimamishwa hakiondolewi. Familia ikihama kufuata maji, chenyewe huachwa pale pale mpaka kioze. Familia ya mke wangu ilihama zamani, na Mzee Ziro alikuwa akirudi kwenye boma la kale mara moja moja kummwagia babake uji. Safari hii alikuta kisiki. Nguzo imekatwa kwa msumeno usawa wa ardhi.

"Ni nani huyu," Sidi alinirudia maneno ya babake, "aliyemkata baba miguu?"

Mimi mambo ya koma, mizimu ya wazee, nilikuwa nikiyaita hadithi za kulazia watoto. Lakini nilisimama, nikaenda moja kwa moja kwa Kaingu, nikafungua mlango wa kushoto wa gari na kung'oa kitambaa cha ndani nilichokishona kwa mkono wangu na Kaingu akakipigilia mwenyewe. Chini yake ulikuwa mti. Juu ya mti, safu za pembetatu.

"Shemeji." Kaingu alikuwa nyuma yangu. "Ufunike."

"Kaingu! Babu yako?"

"Nilidhani hakuna aendaye tena kule." Alikuwa akinong'ona ingawa tulikuwa wawili tu. "Nilidhani ni mti tu sasa. Mti mzuri, unakaa bure."

"Mwambie baba."

"Nitamwambia. Wallahi nitamwambia." Mkristo mzima, akaniapia kwa kiapo changu.

Nikaufunika. Nikapigilia misumari midogo mmoja mmoja, nikanyoosha kitambaa kisiwe na kunyanzi. Kazi safi. Hata leo nikiikumbuka kazi ile mikono yangu inanitia haya.

Hakumwambia. Mzee ndiye aliyepiga simu. Alikuwa ameamua kumwapiza mwizi, na kwa kuwa mambo hayo hayafanywi ovyo, kuna mama mmoja wa Magarini, Kahonzi, ambaye ndiye husimamia. "Una gari, mwanangu," akasema. "Kamlete."

Kaingu alijibu, "Sawa, baba." Nilimwangalia kwa muda mrefu. Akakimbiza macho.

Tulimkuta Kahonzi anatusubiri barabarani, mama wa makamo, miwani, mkoba wa ngozi, mwavuli. Ungedhani anakwenda mkutano wa wazazi shuleni. Nilikuwa nimekaa kibenchi cha nyuma ili yeye apate mbele. Akafungua mlango wa kushoto. Akasimama. Akaurudisha polepole, kwa adabu, na kuja kujibana kando yangu.

"Mama, huku utaumia," nikamwambia. "Mbele pana nafasi."

"Mbele pana mutu," akasema.

Tukashika njia ya Ganze. Kaingu aliendesha kwa mikono miwili, macho mbele. Kila kwenye kona ya kulia, kiti kile kitupu kililia springi zake, kama zinavyolia mtu mzito akiegemea.

Boma la kale halina kitu tena, ila miba na vigae. Mzee Ziro alikuwa amesimama kando ya kisiki, amevaa shati lake jeupe la heshima. Jua lilikuwa utosini. Kahonzi alimwaga maji kidogo chini, akafunga mkoba, akasema, "Mwenye neno aseme sasa. Mzee akishatamka, mimi sina uwezo wa kulirudisha."

Hakumtazama mtu. Aliangalia miba.

Nilimfinya Kaingu mkono. Akakohoa. Babake akageuka na kumtazama kwa huruma, akidhani ni vumbi.

"Una neno, mwanangu?"

"La, baba," akasema Kaingu. "Endeleeni."

Mzee akaweka kiganja juu ya kisiki. "Aliyemtoa baba yangu mahali pake," akasema, "naye asipate pa kukaa."

Hayo tu. Hakupaza sauti. Nilimwona Kaingu akishusha pumzi, kana kwamba ametoka salama.

Jioni ile alikuja kibandani, akaketi kwenye benchi langu, akaruka. Akaketi tena. Akaruka. Uso ulimwiva.

"Nini?"

Akaniinamia sikioni. "Shemeji, nimekalia mapaja ya mtu."

Nilipapasa benchi. Ubao mtupu.

"Yana joto?" Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Baridi," akasema.

Ikawa ndiyo hali yake. Kiti, gogo, mkeka, sakafu. Kitandani alikuta mwili umelala kabla yake. Alikula wima. Kanisani alisimama ukutani, waumini wakamsifu kwa unyenyekevu. Miguu ikavimba mpaka viatu vikakataa. Usingizi ulimchukua akiegemea mlango, akaanguka, akapiga yowe kwa sababu hata hapo chini palikuwa na mtu. Gari hakuligusa. Chumvi ikaanza kulila taa.

Sidi alikuwa akilia jikoni, akisema kakake amerogwa na majirani. Nami najua. Nilikuwa nakula chakula chake, najua, nanyamaza. Siku moja nilishindwa, nikamwambia mke wangu kila kitu. Hakunigombeza. Alichukua nyundo, akaenda kwa kakake, akamtupia miguuni.

Kaingu alilivunja gari mwenyewe. Aling'oa bati alilolinyoosha kwa miaka, akalia juu ya kila msumari. Tukaupata mti, kipande kwa kipande, tukaulaza chini: kichwa, mabega, kifua. Sehemu ya chini haikuwepo. Makombo ya huko aliyachoma zamani, akichemshia gundi.

Tulikwenda Ganze kwa pikapu, Kaingu kasimama nyuma. Mzee Ziro alikuwa ameketi kwenye kigoda chake nje ya nyumba. Kaingu akapiga magoti mbele yake na kusema yote.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

"Nilikuuliza kama una neno?"

"Uliniuliza, baba."

"Ukaniambia niendelee."

"Nilikwambia, baba."

Nilitamani ampige. Ingekuwa afadhali kwetu sote. Badala yake aliinuka, magoti yakilia, akakipangusa kigoda kwa kiganja. "Kaa," akasema.

"Siwezi, baba. Yupo."

"Hiki ni changu, hapa hakuna ila mimi. Nakupa. Kaa."

Kaingu akakaa. Akangoja, macho amefumba. Hakikutokea kitu. Akaanza kulia, na katikati ya kilio usingizi ukamchukua pale pale, kichwa ukutani, mdomo wazi. Babake akamfunika kwa shuka. Sidi akamletea mzee kiti kingine. Akatikisa kichwa.

"Nitasimama kidogo," akasema.

Tulivifunga vipande kwa kamba na vitambaa, tukakisimamisha kigango kando ya kisiki chake. Kilikuwa kifupi. Mzee alikitazama palipopungua, akakitazama tena, wala hakulalamika. Usiku huo alikula akiwa wima. Asubuhi tulimkuta wima. Sidi alimbembeleza, akamsukuma mpaka kwenye kitanda, mzee akamshika mkono akamwambia, "Mwanangu, pana mtu." Alisema kwa tabasamu, kumtuliza.

Kaingu alimlilia amrudishie. Alipiga magoti, akaapa, akakitupa kigoda uani. Mzee alikwenda kukiokota, akakirudisha mahali pake. "Wewe una miaka mingi mbele," akasema. "Lala."

Na Kaingu akalala. Hapo ndipo kisu kilipochoma. Mwili wake uliochoka haukumngoja atubu. Kila alipoketi alisinzia, na kila alipozinduka babake alikuwa amesimama.

Haikuchukua muda, nasi bado tupo Ganze. Asubuhi moja Sidi alimpelekea uji asimpate nyumbani. Alimfuata boma la kale, akamwona kwa mbali amesimama ubavuni mwa kigango, mikono imenyooka mapajani, uso umekielekea. Akamwita. Akamsogelea. Akamwamkia. Mzee alikuwa amekufa, na hakuwa ameegemea kitu.

Tulipomshika tumlaze, hakutoka. Miguu yake ilikuwa ndani ya ardhi mpaka vifundoni. Ardhi ya Ganze, katika ukame ule, unapiga jembe linarudi. Hapakuwa na udongo uliochimbuliwa wala ufa. Tulilazimika kumchimba, sisi watu wazima, huku Kaingu akiondoa mchanga vidoleni mwa babake kwa kucha.

Tulimzika kwa heshima zote. Matundu mawili ya miguu yake tukayafukia.

Kaingu sasa anakaa popote. Amenenepa. Nikimuuliza hali, hushusha sauti na kuniambia, "Shemeji, nalala usingizi mzuri sana," kisha hugeuza uso. Gari limebaki mifupa, watu wa vyuma chakavu wameshalitazama. Kazi yake siku hizi ni kwenda Ganze kufukia yale matundu, kwa sababu hayakai. Akiyajaza, akirudi huyakuta wazi.

Nilikuwa nikidhani ni wanyama. Juzi nilifuatana naye. Tulijaza udongo na mawe, tukashindilia, tukaondoka. Nikiwa njiani nilikumbuka nimesahau jembe, nikarudi peke yangu. Matundu yalikuwa wazi, safi, na ndani yake alama za vidole vya miguu.

Mzee tulimkuta ameelekea kigango. Vidole vile vilikuwa vimeelekea njiani, alikokuwa amesimama Kaingu akinisubiri.