Kikapu Kisichofungwa

Mvua ya mawe iliwakuta mteremkoni, msituni. Omosa aliteleza, na tangi la roketi likachomoka kikapuni mgongoni mwake, likabingirika na kumvaa Fancy aliyetangulia. Bomba la tangi hilo, lililovunjika, likampasua muundi.

Kosa lilikuwa la Omosa, naye alijua. Fancy, fundi aliyetumwa kuokota vyuma vinavyoanguka kutoka angani, alikuwa amemwambia alifunge tangi kwa kamba. Lakini mtu aliyechuma chai Kericho tangu ujana wake, kama Omosa, hafungi kikapu. Majani hutiwa tu, yakashindiliwa kwa kiganja.

"Damu inatoka mingi, madam," alisema, akimfunga kwa kitambaa.

"Vuta zaidi, mzee. Usinionee huruma."

Mtoni, gogo walilovukia asubuhi halikuwapo. Maji yalikuwa mekundu, yamejaa matawi. Ng'ambo, katikati ya chai, lilionekana paa la kituo cha kupimia majani. Omosa alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, asisikike. Kitambaa kilishalowa tena. Akaogopa: binti wa watu angemfia mikononi kwa sababu ya kamba moja tu.

"Unajua kuogelea?" Fancy aliuliza.

"Mimi? Hata kwa karai sijawahi."

"Hii kitu iko tupu ndani. Tukiziba hapa bomba imevunjika, itaelea."

"Na ile sumu ya mafuta ya roketi ulisema?"

"Nilipima asubuhi. Iliungua yote huko juu."

Omosa alichonga kijiti, akakizungushia kipande cha aproni yake ya nailoni, akakigongomea bombani kwa jiwe. Kisha akalirudisha tangi kikapuni, akalifunga kwa mikanda ya aproni, fundo juu ya fundo, akikaza kwa meno.

Waliingia majini, kila mmoja ameshika ukanda wa kikapu. Mto uliwazoa, ukawazamisha, ukawabamiza mwambani. Kila mara tangi liliibuka, nao wakaibuka nalo. Omosa alimeza tope, akamwita Mungu kwa Kikisii, wala hakuachia. Mwishowe maji yakawatupa kwenye mizizi ya ng'ambo.

Wachumaji waliteremka mbio, wakambeba Fancy hadi kwenye lori la majani. Phelix, karani wa kituo, alikipokea kikapu na kwa mazoea akakitundika kwenye mizani.

"Toa hapo!" Omosa alifoka. "Hiyo haipimwi."

Akapanda nacho lorini, akaketi kando ya Fancy. Fancy alifumbua jicho moja.

"Mzee, umefunga?"

Omosa akalia, mtu mzima, mbele za watu.

"Nimefunga, madam."