Muda Aliouomba Mahakamani

Masjala ya mahakama ilikuwa imefurika watu, kila mmoja na bahasha yake, pale fundi wa masofa aliposikia pindo la gauni lake jekundu likichanika.

"Kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Samahani sana, dada. Nitalipa."

"Utalipa nini? Shika hapa!"

Akatoa sindano kwenye mkoba, akashona palepale, huku bwana wa suti ya kijivu aliyemkanyaga pindo akishikilia kitambaa kama mpambe wa bibi harusi. Watu wakawacheka. Bwana naye akacheka, vishimo vikamtokea mashavuni. Kufikia fundo la mwisho walikuwa wameshapeana namba za simu.

Mapenzi yakakolea.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula vumbi la sponji. Wewe?"

"Mimi nakula hesabu za watu."

Mhasibu, ndivyo alivyojitambulisha. Fundi naye hakumweleza kwamba kampuni kubwa ya samani iliyokuwa ikichukua masofa yake ilikuwa imefilisika bila kuwalipa, na kwamba karakana yake na kaka yake ilikuwa inakata roho. Ni nani anayemmwagia mpenzi mpya shida zake? Kesi aliifuatilia kaka mtu; siku ile ya masjala fundi alikuwa ametumwa tu kupeleka bahasha yake. Mahakama ilikuwa imeteua msimamizi wa kuitisha mkutano wa wadai, wapige kura kama kampuni iuzwe au iokolewe. Mkutano ulikuwa umeshaahirishwa mara moja, na kaka akauza gari la kubebea mizigo.

Siku ya kesi kaka akaamka na homa. Fundi akaenda badala yake. Msimamizi alipoitwa, ikainuka suti ya kijivu.

"Mheshimiwa, naomba niongezewe muda wa kuitisha mkutano wa wadai. Sababu nimeziandika kwa siri, nikizitaja hapa mambo yataharibika."

Hakimu akasoma, akakubali, akaonya kuwa ni mara ya mwisho. Mhasibu akageuka, macho yao yakagongana.

Fundi alimsubiri kwenye ngazi.

"Kumbe ni wewe! Kaka yangu anakonda, nawe kutwa waniuliza nimekula!"

"Naapa sikujua, mpenzi. Jina lililoandikwa ni la kaka yako."

"Basi niambie, muda huo wa nini?"

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nikikwambia wewe peke yako, nitakuwa nimewaibia wadai wenzako wote."

"Usinipigie tena."

Hakupiga. Fundi alishika simu, akaiweka, akaishika tena. Usingizi ukamhama.

Kaka mtu ndiye aliyekuja na habari, akicheka kwa uchungu. "Mdogo wangu, yule msimamizi kajitoa! Kamwambia hakimu kwamba ana mpenzi miongoni mwa wadai. Wamempa kazi mwingine."

Sindano ikamchoma fundi kidoleni.

Msimamizi mpya aliitisha mkutano kabla muda haujaisha. Ukumbi ulikuwa na joto na minong'ono. Akaeleza kuwa amepatikana mnunuzi wa kukiendeleza kiwanda, wafanyakazi wabaki na mafundi wapewe oda zao upya. "Mwenzangu aliyejitoa ndiye aliyemtafuta. Mkutano ungefanyika mapema, tungeuza vyuma chakavu." Mikono ikainuka, wa fundi ukiwa miongoni mwake, mzito kama jiwe.

Akatoka nje, akampigia mhasibu simu, akamuuliza anakaa wapi. Akaenda.

Alimkuta chumbani, amevaa fulana iliyofifia, ndevu zimemwota.

"Ofisini wanasemaje?"

"Wamenifukuza. Wanasema nimewatia doa."

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya ukweli. Wewe nilishakukosa." Akainamisha kichwa. "Najua umeumia. Sikuharakishi, nitasubiri mpaka moyo wako utulie."

Fundi akajifuta machozi kwa kiganja.

"Mimi nimechoka na watu wa kuahirisha. Kaka yangu yupo nyumbani na bado hajui kuwa huyo mpenzi wako ni mimi. Atakufokea, na haki anayo. Nyoa ndevu, vaa shati, twende ukamwambie unataka kunioa."

"Leo?"

"Leo."

Mhasibu akainuka kutafuta wembe.