Kilemba Kinachojua Nani Ameelewa

Taa thelathini na nane ziliwaka kijani kwa mpigo mmoja, juu ya vichwa thelathini na vinane vya watoto wa darasa la tatu. Kwa dakika moja ghorofa ile ya kumi na mbili ilifanana na shamba la mpunga lililoota bila kusubiri mvua.

"Angalia, angalia!" Bi. Perpetua Haule alipiga makofi kama mtu aliyeletewa keki. Alikuwa katibu wa Tume ya Zana za Kufundishia, mama wa miaka sitini na kitu, na si mtu wa kupiga makofi ovyo. "Wote wameelewa? Wote?"

"Wote, mama," alijibu Mhandisi Edina Malekela, na akajitahidi asitabasamu sana.

Kitu kilichowaka kiliitwa kilemba-nuru. Kwa macho kilikuwa utepe tu wa kitambaa laini unaozunguka kichwa, lakini ndani yake mlifumwa nyuzi za metali nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo zilisikiliza umeme mdogo unaopita kwenye ubongo. Mtoto akichanganyikiwa, taa ya kwenye paji la uso iligeuka nyekundu. Akielewa, iligeuka kijani. Na kila jioni, ukuta-hai wa getini ulionyesha rangi ya kila darasa pamoja na jina la mwalimu wake, ili wazazi wanaoshuka kwenye treni ya sumaku waone bila kuuliza.

Dodoma ya mwaka 2091 ilikuwa na roboti wa kufagia barabara, roboti wa kukamua zabibu na mitambo ya kuvuna maji hewani, lakini mtoto kukaa darasani akisema ameelewa wakati hajaelewa, hilo lilikuwa halijapata dawa. Edina alilijua vizuri. Alipokuwa mdogo, mwalimu aliuliza, "Tumeelewana?" na darasa zima likaitika, "Ndiyoooo!" Aliitika aliyeelewa, akaitika asiyeelewa, akaitika na yule aliyekuwa amelala, maana sauti za wenzake zilimwamsha. Ile "Ndiyo" ilikuwa kama kuitikia salamu. Edina aliitikia miaka saba, akafaulu kwa kukariri, na alipokuwa mtu mzima akatumia miaka kumi na mmoja kuunda mtambo ambao haudanganyiki.

Leo, kabla ya saa sita mchana, Bi. Perpetua angeweka kidole chake kwenye waraka, na vilemba vingepelekwa shule zote za nchi. Au asiweke, na miaka kumi na mmoja iende na maji.

Mbele ya darasa alisimama Mwalimu Anyosisye Mwakatobe, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kuendesha ibada. Somo lilikuwa Kiingereza, mada jerandi, yaani kitenzi kilichogeuka jina.

"Huyu hapa ni *swim*," alisema, na kwenye ukuta-hai akatokea kijana wa katuni anarukaruka majini. "Ni kitenzi. Hatulii. Sasa namvalisha mkia wa *-ing*. Mara anatulia, anatoka majini, anakuja kukaa kwenye kiti cha majina. Kiti hiki angekaa mpira, angekaa wali, angekaa bibi. Leo amekaa yeye. *Swimming is good.* Kitu gani ni kizuri?"

"*Swimming!*"

"*I like swimming.* Napenda nini?"

"*Swimming!*"

Kijani. Kijani kitupu. Bi. Perpetua tayari alikuwa anaitafuta miwani yake ya kusomea waraka.

Edina ndiye aliyeona. Hakutaka kuona, lakini jicho la fundi halina adabu. Taa hazikusubiri mwalimu amalize sentensi. Ziliwaka alipoanza kuvuta pumzi, zote pamoja, kama askari wanaogeuka kulia kwenye gwaride. Na kuelewa hakuna gwaride. Mmoja huelewa leo, mwingine keshokutwa akiwa anaosha vyombo.

Angeweza kunyamaza. Tusidanganyane, alifikiria kunyamaza. Kisha akajiambia atauliza swali moja dogo tu, ili ajiridhishe kwamba amekosea.

Akamchagua mtoto ambaye taa yake iliwaka kuliko zote, msichana wa benchi la pili aitwaye Nyamizi. "Nyamizi, niambie sentensi yako mwenyewe. Chukua kitenzi chochote, ukivalishe mkia, ukikalishe kwenye kiti."

Nyamizi alisimama. Akavuta sketi. Akamtazama mwalimu, na mwalimu akatazama sakafu.

"Chochote," Edina alisema. "Kula. Kucheza."

Macho ya mtoto yalikuwa yanatafuta mlango waziwazi, lakini Edina, mtu aliyeweza kusoma ubongo kupitia kitambaa, alikuwa bado anasubiri jibu. Ndipo machozi yakaanza, moja moja, yakifika kidevuni na kudondokea kwenye kola ya shati.

Na taa ikabaki kijani.

Mtoto analia mpaka mabega yanaruka, na juu ya paji lake la uso panang'aa rangi ya kusema kila kitu kimeeleweka. Bi. Perpetua alirudisha miwani mfukoni polepole.

"Mwanangu," alisema, "unafikiria nini sasa hivi?"

"Namwimbia mdogo wangu."

"Yuko wapi mdogo wako?"

"Nyumbani. Namwimbia moyoni." Nyamizi alifuta pua kwa mkono. "Ukimbembeleza mtoto mpaka alale, taa inakuwa kijani. Hata kama hujaelewa. Lakini usiache kuimba. Ukiacha inakuwa nyekundu, halafu mwalimu anaandikwa getini."

Darasa zima lilikuwa kimya, na taa thelathini na nane zilikuwa zinawaka kijani kwa nguvu zote. Walikuwa wote wanaimba.

Mwalimu Mwakatobe alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena ikiwa na ukungu uleule. "Kosa ni langu, mama. Niliwafundisha mimi."

"Kwa nini?"

"Mwezi wa kwanza wa vilemba hivi, kulikuwa na mtoto anaitwa Lugano. Yule pale dirishani. Taa yake ilikaa nyekundu siku tatu mfululizo. Wenzake wakamwita Pilipili. Siku ya nne hakuja, wala ya tano. Mama yake alimkuta chooni, kituo cha treni, amekaa na begi lake. Alikuwa anasubiri kengele ya kutoka ili arudi nyumbani kama watu wengine. Na mimi nina miaka ishirini na sita kazini. Kila jioni nilipita chini ya jina langu limeandikwa kwa rangi nyekundu, na wazazi wananisalimia huku wanatazama juu. Siku moja nikamwona Nyamizi anajibembea kwenye benchi, anaimba kimoyomoyo, taa kijani. Wala hakuwa anasikiliza somo. Nikawaambia wengine, imbeni."

"Tangu lini?"

"Miezi sita."

Bi. Perpetua alimgeukia Edina. "Mhandisi. Mtambo huu unaweza kukosea hivi? Au ni ujanja wa mwalimu tu?"

Swali lilikuwa jepesi. Jibu la kumwokoa lilikuwa jepesi zaidi: ni ujanja wa mwalimu, mama, tutarekebisha. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshainamisha kichwa, tayari kubebeshwa. Edina alikaa kimya. Alikaa kimya muda ambao mtu anaweza kuhesabu mpaka nane, na katika muda huo, kwa hakika kabisa, alikuwa anatumaini mzee yule aendelee kujilaumu.

Baadaye katika maisha yake watu wangemsifu kwa aliyosema asubuhi ile. Yeye angekumbuka ile nane.

"Nilijua," alisema hatimaye. Sauti ilitoka nyembamba. "Kwa watoto wadogo, ubongo uliotulia na ubongo ulioelewa vinafanana. Kwenye ripoti ya majaribio nimeandika. Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, kwa herufi ndogo."

"Kwa nini herufi ndogo?"

"Ili usisome, mama."

Mtoto mmoja nyuma alicheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha.

"Na taa?" Bi. Perpetua hakuwa amemaliza. "Mlilazimika kuiweka usoni pa mtoto, kila mtu aione?"

"Hapana. Mwenzangu alishauri ionekane kwenye miwani ya mwalimu peke yake. Nilikataa." Edina alihisi masikio yanawaka moto. "Kwenye maonyesho, taa zilipowaka, watu walisimama na kupiga makofi. Kwenye miwani ya mwalimu hakuna wa kupiga makofi."

Bi. Perpetua alitazama mikono yake mwenyewe, ile iliyopiga makofi nusu saa iliyopita, akaificha chini ya mtandio. Hakuweka kidole kwenye waraka. Aliufunga, akasimama, na alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Mwalimu, nitakuita. Na wewe, mhandisi, nitakuita kabla yake." Kisha lifti ikamchukua.

Kazi ya kuvua vilemba Edina aliifanya mwenyewe. Alipita benchi kwa benchi na sanduku. Watoto walivua, na kwenye kila paji la uso palibaki mstari mwekundu wa kitambaa kilichobana zaidi ya miezi sita. Hakuwahi kujua kinabana. Kwenye maabara walikivaa dakika kumi kumi.

Nyamizi alikishika chake kwa mikono miwili. "Nikivua, mwalimu atafukuzwa?"

"Sijui. Nitawaambia kosa ni langu."

"Lote?"

Edina alitaka kusema lote, lionekane neno zuri. "Kubwa ni langu."

Mtoto alilipima jibu hilo, akaona lina ukweli wa kutosha, akampa kilemba.

Mwalimu Mwakatobe alirudi mbele ya darasa. Bila zile taa, chumba kilionekana kidogo, na yeye alionekana mzee. Alikohoa. "Haya. Tuanze upya. Nani hajaelewa jerandi? Anyooshe mkono."

Hakuna mkono. Watoto waligusa mapaji ya nyuso zao kwa mazoea, wakakuta ngozi tu. Lugano alikuwa anatazama nje ya dirisha. Shule nzima ile hapakuwa na mtoto aliyewahi kuona mtu anakiri kwamba hajui, akabaki salama.

Edina alikuwa mlangoni, sanduku liko kwapani. Alitamani kuondoka. Lifti ilikuwa wazi. Akaliweka sanduku chini, akanyoosha mkono, na mkono ulikuwa mzito kama wa mtoto aliyekamatwa na chaki.

"Mhandisi?" mwalimu aliuliza.

"Mimi sijaelewa. Sijawahi kuelewa, tangu darasa la tatu."

Darasa lililipuka. "Hata mhandisi!" "Na ukubwa wote huo!" Mvulana mmoja, Shabani, alisimama kabisa ili aone vizuri: "Njoo ukae na sisi, Pilipili!"

"Shabani!" mwalimu alifoka.

"Mwache," Edina alisema. Uso wote ulikuwa unamwaka, na hapakuwa na nyuzi za metali zilizohitajika kuliona hilo. Alikwenda akakaa kwenye benchi la pili, magoti yakigonga meza. Mkono aliuacha juu.

Nyamizi alimtazama kutoka pembeni, kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama aliyetangulia kuingia kwenye maji baridi. Kisha akanyoosha wake, nusu, kiwiko kikiwa bado mezani.

"Mwalimu."

"Ndiyo, Nyamizi."

"Umesema akivaa mkia anatoka majini anakaa kwenye kiti. Lakini ukisema *I am swimming*, si ana mkia uleule? Mbona bado yuko majini?"

Mwalimu Mwakatobe aligeukia ukuta, akashughulika na katuni ya yule kijana ambayo haikuhitaji kushughulikiwa, mgongo wake ukielekea darasani, mpaka alipoweza kugeuka tena.

"Hilo swali," alisema, "ulikuwa nalo tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza."

Nyuma, karibu na dirisha, Lugano aliacha kutazama nje.

"Na mimi," alisema.