Kinachobaki Mezani

Aliyemwambia Mama Sabuni kwanza ni Kona, dereva wa pikipiki aliyekuwa akipeleka mizigo yake kwa wateja. Asubuhi moja alisimama mlangoni na begi lake kubwa mgongoni, akakuna shingo kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Mama Sabuni, usinielewe vibaya. Mizigo yako inanuka."

"Ni sabuni, shemeji. Lazima inukie."

"Sijasema inanukia. Inanuka mdomo." Akashusha sauti. "Mdomo wa mtu aliyeamka na hajapiga mswaki. Jana nimembeba abiria, kashuka katikati ya safari. Alidhani ni mimi."

Mama Sabuni akacheka kidogo, kicheko cha kumwomba mgeni aende zake. Pikipiki ilipotoweka aliinua kifurushi kimoja kilichobaki, akakisogeza puani. Chini ya harufu ya mchaichai kulikuwa na harufu nyingine, nzito na ya vuguvugu, yenye utamu kwa mbali, kama papai lililoiva hadi likaanza kuvuja. Akakirudisha haraka. Mate yalimjaa mdomoni, asijue kama ni ya kichefuchefu au ya hamu.

Jina la Mama Sabuni alipewa na wateja wake wa mtandaoni. Alianza na sufuria moja na picha chache kwenye simu. Alipika mwenyewe, akakata mwenyewe, na kabla ya kuuza alikigusa kila kipande kwa ncha ya ulimi, kama wapishi wote wa sabuni wafanyavyo. Kikichoma ulimi, kostiki, ile magadi ya kupikia sabuni, bado ni kali. Kirudi kwenye rafu kikomae.

Msaidizi wake wa kwanza alikuwa binti wa jirani. Malipo yalikuwa pamoja na vipande vya pembeni vilivyobaki baada ya kukata. "Kinachobaki mezani ni chako," Mama Sabuni alizoea kumwambia. Kisha binti akapata kazi kwingine, na wiki hiyohiyo oda zikaanza kumiminika. Simu ilikuwa ikilia hadi mtoto wake mchanga akashtuka titini. Kufunga mzigo mmoja kulikuwa hakujaisha, oda tatu zimeingia. Mumewe aliondoka alfajiri na kurudi amechoka kuliko yeye.

Mchana mmoja, mtoto analia, rundo la sabuni linamtazama, alikaa kwenye kiti akasema hovyo, bila kumlenga mtu, "Jamani, yeyote aje anisaidie kufunga. Kinachobaki mezani ni chake."

Akalala palepale na mtoto kifuani. Alipoamka, nusu ya rundo ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya kaki, kona zimekunjwa vizuri kuliko alivyoweza kukunja yeye.

Jioni alimshukuru mumewe. Mumewe akamtazama. "Mimi? Nimepita hapa saa ngapi?"

Hakuuliza tena. Mwenye njaa hamchungulii mpishi. Tangu siku hiyo, kila mchana aliacha sabuni na karatasi mezani, akaurudisha mlango wa chumba cha kazi, akaendelea na sufuria zake jikoni. Vifurushi vilitoka vimefungwa. Na kadiri vilivyotoka, ndivyo wateja walivyorudi kuomba zaidi. Juu ya meza hiyohiyo, kwenye mwisho wake wa dirishani penye upepo, alimlaza mtoto ndani ya kreti la sabuni lenye shuka, maana sakafuni sisimizi walikuwa hawampi raha.

Maneno ya Kona yalimfanya atazame alichokuwa akikikwepa. Selotepu aliyoinunua siku nyingi ilikuwa bado nzima, haijakatwa hata kidole kimoja. Basi vifurushi vilibandikwa kwa kitu gani? Akabandua ukingo wa kile kifurushi kilichobaki. Karatasi ilivutika, ikatoa nyuzi ndefu za ute, kama njia ya konokono kabla haijakauka. Ndani ya ute mlikuwa na unywele mmoja mweupe, na chembe za chakula kilichotafunwa.

Akakimbilia karo akatapika. Aliporudi kumchukua mtoto, nywele zake laini zilikuwa zimelowa, zimelazwa zote upande mmoja. Siku zote alidhani ni jasho. Akainama, akamnusa utosini. Papai bovu.

Alimtoa mtoto chumbani. Lakini mchana sufuria ilichemka ikafurika, mtoto alikuwa amelala, na mkono wa mazoea una akili yake wenyewe: ulimrudisha kwenye kreti. Alipotambua alichokifanya, tayari alikuwa amesimama jikoni na mwiko mkononi, na kutoka chumba cha kazi ilikuja sauti ya kitu kilicholowa kikipita polepole juu ya karatasi, kikanyanyuka, kikapita tena.

Akauendea mlango, akaweka jicho kwenye ufa. Meza ilikuwa imebaki na vipande viwili tu ambavyo havijafungwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu oda zianze kufurika, na kwenye mwisho wa dirishani mtoto wake alikuwa amelala kimya, amefungwa kwa karatasi ya kaki hadi shingoni, kona zimekunjwa vizuri, na juu yake, kutoka mahali ambapo hapakuwa na uso wala kichwa, ulining'inia ulimi wa kijivu, mpana kama taulo, wenye vinyweleo vilivyonasa mabaki, ukifuata mkunjo wa karatasi kuanzia miguuni, ukipanda tumboni, ukipanda kifuani, bila pupa, kama wa mtu anayeipenda kazi yake.

Aliusukuma mlango. Hapakuwa na kitu. Alimpasulia mtoto ile karatasi kwa kucha, ute ukimganda vidoleni, akatoka naye hadi barazani, akampigia mama yake simu.

"Ulisemaje?" mama yake akanong'ona. "Nipe maneno yenyewe, mwanangu."

Akamwambia, pamoja na yote aliyoyaona.

"Kwa hiyo siku zote kulibaki mzigo, naye akashindwa kudai. Leo alikuwa anamaliza kazi, na mezani angebaki mtoto."

"Mama, nimfukuze vipi?"

"Hufukuzi uliyemwita na hujamlipa. Umeahidi kinachobaki mezani. Nenda uchague wewe kitakachobaki. Na umwambie kazi imekwisha, usisahau hilo. Mtoto yuko wapi?"

"Mgongoni."

"Abaki hapo."

Alirudi jikoni na mtoto mgongoni. Kwenye treya kulikuwa na sabuni ya asubuhi ile, changa, iliyoganda juu tu, kostiki yake bado ya kuunguza ngozi. Akaibeba hadi mezani. Akavifunga vipande viwili vilivyobaki kwa karatasi na selotepu, akavitoa nje. Akatoa karatasi, mkasi, kreti. Meza ikabaki na treya peke yake.

"Kazi imekwisha," akasema. Sauti ilimtoka kama ya mtoto anayesoma mbele ya darasa. "Kinachobaki mezani ni chako."

Akafunga mlango, akauegemea.

Kwanza alisikia pua ikivuta hewa, kisha ulimi ukigusa, ukiramba mara moja ndefu ya uchu, kisha mchemko kama mafuta yaliyodondokewa na maji, na kitu kikubwa kikajipiga ukutani, kikapiga meza, kikajaribu kutema na kikashindwa kwa sababu kila kilichotema kiligeuka povu, na povu likaanza kutoka chini ya mlango, la kijivu, la moto, lenye meno madogo ya njano na vinyweleo na harufu ya vinywa vyote vilivyowahi kulala bila kuoshwa, likamlowesha nyayo naye asisogee, hadi ndani pakatulia.

Asubuhi iliyofuata alideki chumba mara tatu na kulifungua dirisha. Hakukunuka kitu ila sabuni. Kona alipofika alimwambia leo hakuna mizigo, na Kona akavuta hewa, akasema, "Afadhali. Uliua panya?"

"Mkubwa."

Kisha akakaa kitini, akampakata mtoto, akafungua simu ili awaandikie wateja kwamba anafunga duka kwa muda. Ujumbe ulikuwa mwingi kuliko siku yoyote. Mmoja aliandika kuwa sabuni imeisha na mumewe hana raha. Mwingine aliomba ya mwisho ileile, yenye utamu. Mwingine alituma picha: kipande cha sabuni yake kwenye sahani, kimelambwa katikati hadi kikawa kama mfereji, na maneno chini yake, "Tunaificha watoto wasiione, lakini wanaipata."

Akaizima simu. Mtoto alikuwa akimtazama kwa utulivu, safi, ameogeshwa mara mbili. Akamnusa utosini, hakusikia harufu. Lakini pua hudanganywa na sabuni, na yeye alikuwa na njia yake ya kupima. Akainama, akaligusa paji la uso wa mwanawe kwa ncha ya ulimi.

Halikuchoma. Lilikuwa tamu.

Alikaa hivyo kitambo, macho ameyafumba, mate yakimjaa. Kisha akalamba tena.