Springi Iliyozunguka kwa Kidole

Kimya alikuwa akifuta matope kwenye gari la kaka yake, kazi yake ya kila Jumamosi, alipoigusa springi ya mbele kwa kidole kimoja nayo ikazunguka. Gari lilikuwa juu ya jeki, gurudumu linaning'inia. Springi hubanwa juu na chini, haichezi. Hii ilizunguka taratibu, kama bangili kwenye mkono mwembamba.

Sababu aliijua. Siku mbili nyuma, kaka alizikata springi zote nne kwa msumeno wa kuazima, ili gari lishuke likae karibu na lami. Springi fupi za dukani zilimshinda bei. Mkono mtupu haulambwi, alisema akicheka, kwa hiyo atatumia akili.

Na gari lilishuka kweli. Lilipopita mbele ya nyumba lilionekana kama linaelea. Watoto waliacha mpira wao wakatazama. Kimya, akiwa kiti cha mbele, aliona lami inapita karibu kama maji ya mto, na madirisha ya nyumba yanapanda juu polepole kama mawingu. Alitamani barabara isiwe na mwisho.

Sasa aliizungusha tena ile springi, akafuta mkono wake, akanyamaza. Jina la utani hakupewa bure. Hata darasani, jibu alilolijua vizuri lilimfia kooni.

Mchana kaka alitangaza kuwa Jumatatu angempeleka bibi hospitali kupimwa macho. Bibi akauliza kama gari lile mtu huingia akiwa amekaa au anatambaa. Wote walicheka isipokuwa Kimya. Njia ya hospitali ilikuwa na mteremko mrefu wenye mashimo, na Jumapili nzima aliuona mteremko huo hata alipofumbua macho.

Jumatatu asubuhi, bibi akiwa ameshika mlango wa gari, Kimya alikwenda kusimama mbele ya boneti.

"Kaka, usiende. Springi imelegea."

"Wewe umeanza lini kujua springi? Ondoka, bibi anachelewa."

"Weka jeki uone."

Miguu yake haikuondoka. Mama alitoka jikoni, akamwangalia binti yake, kisha akamwambia kaka aweke jeki. Springi ya kwanza ilizunguka. Ya upande wa pili ilikuwa imeshatoka nusu mahali pake. Kaka alikaa chini.

Aliitwa fundi wa mtaa wa pili, mwanamke aliyejulikana kama Mama Spana kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona mikono mitupu. Aliinama, akachungulia, akaguna.

"Umekata springi, shokapu zinazozuia gari lisidunde umeziacha ndefu," alimwambia kaka. "Gurudumu likiingia shimoni, shokapu inarefuka na springi fupi haibanwi tena. Ingechomoka pale mteremkoni, na wewe una bibi pembeni."

Aliwatafutia springi nzima, kuukuu lakini imara, naye kaka akakubali kumfanyia kazi gereji mpaka atakapozilipia. Jioni gari lilikuwa limerudi juu, limesimama wima kama jogoo. Bibi alisema sasa angalau ataingia kwa heshima zake.

Mama Spana alikusanya vifaa vyake. "Kijana, kushusha gari si kosa. Kosa ni kupunguza usalama kwa sababu mfuko ni mwepesi. Ukikosa uwezo wa kufanya sawasawa, subiri. Na anayeona hatari akanyamaza, naye ameushika msumeno. Mshukuru mdogo wako, yeye ameona akasema."

Wote walimgeukia Kimya. Mama alimshika bega, bibi akamwita macho yake mapya. Angeweza kutabasamu tu, mambo yakaishia hapo. Alitazama gari, pengo kubwa jeusi juu ya matairi, na maneno yakapita kooni.

"Niliiona tangu Jumamosi," alisema. "Nilinyamaza kwa sababu na mimi nilitaka libaki chini."